Nimemaliza ushonaji VETA Kigoma, nataka kushona nguo zinazojali mazingira na mama zetu wa mtaani, nianzie wapi?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo, lilikuja hivi: "Shikamoo dada. Nina miaka 24, nimemaliza ushonaji VETA hapa Kigoma, naishi Mwanga, nina cherehani moja na ovaloki ya kuazima. Sitaki kuishia kushona magauni ya harusi tu, nataka niwe mbunifu kabisa, nguo zisiharibu mazingira na ziwape kazi mama zetu wa hapa mtaani ambao wanajua kushona ila wamekaa. Watu wote wananiambia niende Dar. Nianzie wapi, na hivi kweli hii kitu inalipa?"

Marahaba mdogo wangu. Hapo umeuliza kama maswali matatu na nitayajibu yote ila sio kwa mpangilio uliouweka wewe, kwa sababu lile uliloliweka mwisho ndo la kwanza. Inalipa, ila inalipa kama hao mama umewaingiza kwenye bei ya nguo tangu siku unachora dizaini. Ukiwaweka mwisho, yaani unatoa hela ya kitambaa, unatoa zipu, unatoa nauli, unatoa faida yako alafu kinachobaki ndo unampa fundi, basi hata ushonee pamba iliyolimwa bila tone la sumu hiyo nguo bado inamuumiza mtu, na huyo mtu ni jirani yako. Mimi nipo Tabora, nimefundisha mafundi miaka mingi na nimeona wabunifu wengi wakianza na maneno mazuri sana ya mazingira na kuishia kugombana na mafundi wao, na karibu kila mara ugomvi ni hesabu ambayo haikupigwa mwanzoni.

Kwahiyo tuipige. Chukua gauni moja la kitenge, la kawaida, lenye bitana na zipu. Bei nitakazoweka ni za mfano, we weka za Mwanga. Kitambaa yadi 3 kwa 4,000 ni 12,000. Uzi, zipu na bitana 3,500. Sasa fundi: usiseme "gauni moja elfu tano" kwa sababu ndo bei ya mtaani, kaa naye umpime saa. Mpime aliye mwepesi, mpime na asiye mwepesi, chukua ya katikati, tuseme ni saa 5, na saa moja umeiweka 2,000, hapo ni 10,000. Kodi ya chumba, umeme, pasi, nauli ya kwenda sokoni, weka 2,500 kwa kila nguo. Jumla 28,000. Juu yake weka asilimia 30, yani 8,400, hiyo ndo kazi yako ya ubunifu, pamoja na akiba ya siku mashine ikiharibika na nguo ambayo haitauzika. Bei inakuja 36,400. Fundi anayeshona saa 8 kwa siku 26 za mwezi kwa hesabu hiyo anafika 416,000 kama kazi ipo mwezi mzima, na hapo kwenye "kama kazi ipo" ndo pagumu, nitarudi.

Najua unachofikiria, kwamba gauni la 36,400 Mwanga nani atanunua wakati kuna mtumba wa elfu tatu. Swali zuri. Ila angalia jinsi hesabu inavyokusukuma kwenye dizaini: bei ikiwa kubwa hupunguzi kwa fundi, unapunguza saa. Unaondoa ule mkunjo wa kifuani unaokula dakika 40 na hakuna mteja anayeuona, unachora shingo inayokamilika kwa bitana ya kipande kimoja, unapanga patani vizuri mezani ili yadi 3 ziwe mbili na nusu. Hapo ndo tofauti ya fundi na mbunifu inapoanza, wengi wanadhani ubunifu ni kuchora gauni la ajabu kumbe kazi kubwa ni kukata maamuzi kwenye karatasi kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Kwanini naanza na malipo na sio na kitambaa? Tarehe 24 Aprili 2013 kule Savar, Bangladesh, jengo la Rana Plaza lililokuwa na viwanda vya nguo lilianguka likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake washonaji, na nyufa zilionekana siku moja kabla, watu wakaambiwa warudi kazini. Baada ya hapo wabunifu wawili wa Uingereza, Carry Somers na Orsola de Castro, wakaanzisha harakati ya Fashion Revolution, na swali walilowafundisha wanunuzi kuuliza ni rahisi tu: nani katengeneza nguo zangu? Hawakuanza na swali la kitambaa kimetoka wapi. We una bahati kubwa kuliko kampuni zote kubwa za duniani kwenye hili, kwa sababu anayeshona nguo zako unamjua nyumba, unajua watoto wake wanasoma wapi, akiumwa utasikia siku hiyohiyo.

Sasa nikupe mfano wa mtu mmoja ambaye kazi yake inafanana sana na unachotaka, japo yuko Marekani. Anaitwa Natalie Chanin. Kazaliwa Florence, mji wa kawaida jimbo la Alabama, kusoma kasoma mambo ya vitambaa na ubunifu, akafanya kazi New York kwenye nguo, akaenda Ulaya miaka mingi. Aliporudi New York akakata tisheti kuukuu, akaishona upya kwa mkono, watu wakaipenda. Akatafuta mtu wa kumshonea nyingi kama zile pale New York akakosa, hamna aliyeelewa anataka nini. Ndo akagundua kwamba ule mshono ni ule wa bibi zake, wa kushona mablanketi ya vipande kule kwao, na wanaojua kuushona wako nyumbani. Mwaka 2000 akarudi Alabama kushona tisheti 200 za mkono, kila moja ya peke yake, kutoka kwenye tisheti zilizokwisha kuvaliwa, na washonaji wakawa wanawake wa palepale. Huo mji ulikuwa na viwanda vingi vya tisheti na vilifungwa baada ya mkataba wa biashara wa 1994 kati ya Marekani, Kanada na Mexico, kwahiyo mikono yenye ujuzi ilikuwepo imekaa tu, kama unavyosema mama zenu wa Mwanga. Mwaka 2006 akaanzisha kampuni ya Alabama Chanin, na 2012 yeye na mbunifu mwenzake wa Florence, Billy Reid, wakalima hadi shamba la pamba bila kemikali hapohapo Alabama.

Vitu viwili vya kuchukua kwake. Cha kwanza, hakulazimisha kijiji kishone anachotaka New York, alichukua mshono ambao kijiji kinaujua akaufanya ndo alama ya nguo zake. Sasa jiulize mama zenu wanajua nini kwa mikono yao ambacho fundi wa Kariakoo hajui. Kigoma mnapakana na Kongo na Burundi, kuna mafundi waliokulia kwenye mishono ya Kikongo, yale mabega na ile mikono ya kitenge iliyosimama vizuri, kuna wanaofuma vitambaa vya meza kwa kulabu, kuna wanaosuka ukindu. Kaa nao uangalie kabla hujachora. Cha pili, alitoa siri. Patani zake na namna ya kushona alizichapisha watu wajishonee nyumbani, na biashara haikufa. Nakwambia hili kwa sababu mafundi wetu wengi wanaficha patani hadi kwa wanafunzi wao, na we ukitaka mama watano washone nguo moja inayofanana huwezi kuficha kitu, lazima patani iwe ya karatasi ngumu, imeandikwa saizi, imetiwa alama za mikato, inaning'inia ukutani kila mtu anaiona.

Tuje kwenye magauni ya harusi ambayo hutaki kuishia nayo. Hapa sikubaliani na wewe. Ukitaka kujua uharibifu wa nguo kwa Kigoma au Tabora uko wapi, uko kwenye sare za sherehe. Harusi moja ina kamati, ina upande wa bibi na upande wa bwana, kuna send-off, kuna kitchen party, kila moja na kitenge chake, watu wamechanga, wameshonesha kwa haraka usiku wa mwisho, wamevaa masaa sita, alafu ile nguo inakaa kabatini mpaka itakapokuwa dasta. Hapo ndo pa mbunifu kuingia. Kaa na kamati mapema, waambie utawashonea sare ambayo jumatatu mtu anavaa ofisini: gauni ambalo lile joho la sherehe linatoka na kubaki gauni la kawaida, au blauzi na sketi viwili badala ya gauni moja refu, mshono umeachiwa inchi nzima kila upande ili mtu akinenepa anaachia. Wateja 30 kwa oda moja, kitambaa cha aina moja, mabaki yanajulikana mapema, na mafundi wako wanapata kazi ya wiki mbili mfululizo. Hakuna duka la nguo za mazingira litakalokupa mwanzo mzuri kama huo. Hivyohivyo kwaya. Hivyohivyo sare za shule, mtoto ananunuliwa sketi Januari, ikifika Septemba imepanda juu ya goti, wakati ungeweka pindo la inchi tatu mzazi angeshusha tu, na kama ukiandika kwenye lebo "pindo linashuka" mzazi wa pili atakuja mwenyewe.

Na hiyo ndo dawa ya ile "kama kazi ipo". Mwaka wa fundi una mawimbi, Desemba na Januari anakesha, Machi amekaa. Ukiwa na mafundi unaowajali, kazi yako ni kuitafutia miezi mikavu kitu. Miezi hiyo ndo ya kushona vitu kutoka kwenye mabaki, na ya kurekebisha. Kurekebisha nguo usikudharau. Eileen Fisher, mbunifu wa Marekani aliyeanza 1984 na dola 350, tangu 2009 kampuni yake inanunua kutoka kwa wateja nguo zake kuukuu kwa dola tano kila moja, zinasafishwa, zinarekebishwa, zinauzwa tena. We unaweza kuanza kidogo: nguo niliyoishona mimi, mshono ukifumuka ndani ya mwaka narekebisha bure. Kusema hivyo kutakulazimisha ushone vizuri, ukirudisha nyuzi mwanzo na mwisho, ukifunga mshono wa ndani.

Kitambaa sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu watu wanadanganywa. Vitenge vingi sokoni vimeandikwa "wax" na "cotton 100%" na sio pamba. Chomoa nyuzi chache ukingoni uzichome mbali na nguo. Pamba inaungua kama karatasi na harufu ya karatasi, inaacha jivu laini linalopukutika. Polista inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge kigumu cheusi, na harufu ya plastiki. Iliyochanganywa inafanya vyote viwili. Alafu geuza kitambaa, wax ya kweli rangi imepenya pande zote mbili, ya kuchapa juu nyuma imepauka. Polista sio dhambi, sare za shule karibu zote zina polista ndani na zinadumu, ila kila ukifua inaachia nyuzi ndogo za plastiki ambazo haziozi, na usiandike "rafiki wa mazingira" kwenye lebo yake. Andika ilivyo. Mteja anayeambiwa ukweli kwenye lebo anarudi.

Utasikia pia kwamba tisheti moja ya pamba imekunywa lita 2,700 za maji. Hiyo namba inazunguka sana, lakini maji yanategemea pamba imelimwa wapi. Pamba yetu ya kanda ya magharibi, huku Igunga na Nzega, Shinyanga, Simiyu na hata wilaya za kwenu Kigoma, inategemea mvua, hakuna mtu anayemwagilia. Shida ya pamba yetu ni nyingine, dawa za wadudu na bei ya mkulima. Meatu, mkoa wa Simiyu, kuna bioRe, mradi ulioanza 1994 na kampuni ya Remei ya Uswisi, wakulima wanalima pamba bila kemikali na wananunuliwa kwa bei ya juu kidogo. Kinachouma ni kwamba sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inachambuliwa jineri inafungwa robota inapanda meli ikiwa bado nyuzi mbichi, alafu inaturudia imeshakuwa kitambaa. Hapa Tabora tulijengewa kiwanda cha nyuzi tukiamini hiyo safari itaishia hapahapa. Kwahiyo ukipata nafasi ya kuchagua, chagua khanga na vitenge vya viwanda vya ndani, vipo vinavyotoka Morogoro na Dar. Sio kila rangi utaipata, ila kila yadi unayonunua pale imeajiri mtu wa hapa.

Mitumba. Wabunifu wengine wanaidharau, mimi naiona kama malighafi iliyo karibu nawe kuliko zote. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa pole pole mpaka 2019, Marekani ikatishia kuzitoa kwenye AGOA, ule mpango wake wa nchi za Afrika kuuza bidhaa kwake bila ushuru, Kenya ikarudi nyuma mapema, na Rwanda iliyong'ang'ania na ushuru wa dola 2.50 kwa kilo ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo bila ushuru Marekani 2018. Kwa hiyo mabalo yapo na yataendelea kuwepo. We nenda Mwanga jioni balo likishachaguliwa, zile zinazobaki chini, suruali za jinsi zilizochanika magoti, mashati makubwa ya wanaume yenye kola iliyoliwa. Shati la kotoni la mwanaume mnene linatoa gauni la mtoto na kipande cha juu. Jinsi inatoa begi la shule ambalo litamaliza darasa la saba, ila tumia sindano namba 16 au 18 na uzi mnene, na usichanganye jinsi inayovutika na isiyovutika kwenye begi moja, itajivuta upande. Shida ya mitumba ni kwamba hakuna mbili zinazofanana, kwahiyo usichore nguo, chora kanuni: mwili wa mbele jinsi nzito, mikono shati, mfuko kitenge. Kila mama atapata vipande tofauti na bado mtu akiiona ataijua ni ya kwako. Hapo ndo mabaki ya sare za harusi yanapoingia pia.

Mabaki ya pamba tupu, watu watakushauri ushone taulo za kike za kufua. Ni wazo zuri na wasichana wa shule wanazihitaji, ila hicho ni kitu cha afya, pata mafunzo kwanza kwa wanaozitengeneza, tabaka zinazonyonya na ile ya kuzuia zisiwe za kubahatisha.

Rangi. Najua utataka batiki, kila anayesikia mazingira anataka batiki, na mimi kama mtu wa Tabora siwezi kukukataza kwa sababu nta iko kwetu. Misitu ya miombo ya Sikonge, Kaliua, Urambo ndo nchi ya asali, hadi chuo cha ufugaji nyuki kiko hapa Tabora, na nta ni kitu ambacho warina asali wengi bado wanakiuza kwa bei ya chini. Nta ya nyuki inashika kitambaa na haivunjiki, parafini inapasuka na kuingiza ile mistari mistari, kwahiyo ukitaka mchoro safi ongeza nta, ukitaka mipasuko ongeza parafini. Yeyusha sufuria ndani ya sufuria ya maji, usiweke nta moja kwa moja kwenye moto, inawaka. Ukichemsha kitambaa kuitoa, iache ipoe, nta itaganda juu, iokote uitumie tena.

Lakini maji ya rangi ndo mtihani wako, hasa wewe wa Kigoma. Rangi nyingi za batiki zetu zinayeyushwa kwa kostiki soda na haidrosi, na maji yake yanachoma. Mwanga iko mlimani, ukimwaga mtaroni yanashuka ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, maji yanayoingia yanakaa humo mamia ya miaka. Samaki wengi wa humo hawapatikani popote pengine duniani, na dagaa na migebuka ndo mboga ya mkoa mzima. Kwahiyo kama utafanya batiki: rangi mbili kwa kitambaa zisizidi, tumia tena maji ya rangi mpaka yapauke, yapunguze ukali kwa siki kabla ya kuyatoa, chimba shimo la mchanga na mawe mbali na kisima, vaa glovu, na kostiki inamwagwa kwenye maji, kamwe sio maji kwenye kostiki. Kama huna nafasi ya shimo, acha batiki. Mimi ningeacha mwaka wa kwanza kabisa.

Rangi za mimea jaribu kidogo kidogo nyumbani. Maganda ya vitunguu yanatoa dhahabu nzuri, kaombe kwa wauza chipsi bure. Pamba haishiki rangi ya mmea hivihivi, iloweke kwanza kwenye majani ya mpera au magome yenye ukakasi, alafu shabu, ile ya kusafishia maji. Ukitia na maji ya misumari yenye kutu rangi inakuwa nzito kuelekea kijivu. Bizari ya manjano inang'aa siku ya kwanza, jua likiipiga inakimbia, usimuuzie mtu. Mninga unatoa wekundu wa kahawia, ila usichune mti uliosimama, magome kayachukue kwa wenye kibali cha kuvuna.

Dar. Nenda, ila nenda kama mwanafunzi. Tafuta mtu anayejua kukata patani kwelikweli ukae naye, ijue Kariakoo, nani anauza kitambaa kwa jumla, angalia maonyesho. Mustafa Hassanali, ambaye kasomea udaktari, alianza mavazi 1998 na mwaka 2008 akaanzisha Swahili Fashion Week, na wabunifu wengi wachanga wameonekana pale. Alafu rudi. Chumba cha Mwanga na chumba cha Sinza bei haifanani, na ile kodi unayookoa ndo 2,000 ya saa ya fundi. Treni ya reli ya kati kutoka kwenu ni kilomita zaidi ya 1,200 mpaka Dar, mzigo unafika, mabasi yanabeba vifurushi, picha unatuma kwa simu. Wateja wa Bujumbura, Uvira na Kalemie mnao kwenye ziwa hilohilo, na hao fundi wa Dar hawapati. Watalii wa Gombe na Mahale ni nyongeza, usipange mshahara wa mtu juu yao.

Kuhusu kambi ya wakimbizi, maana najua utafika tu huko ukisema jamii. Nyarugusu ipo Kasulu tangu 1996 na ndani yake kuna mafundi wazuri sana, wakiwemo Wakongo. Ila sheria inambana mkimbizi kutoka kambini bila kibali, usimweke mtu kwenye hatari kwa kumletea kazi kimyakimya. Pita kwenye mashirika yenye ruhusa. Ngara kuna WomenCraft wamefanya hivyo kwa vikapu na wanawake wa Burundi kwa miaka, kajifunze kwao namna walivyopanga malipo.

Makaratasi kwa haraka. Jina la biashara unasajili BRELA. SIDO, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, wapo Kigoma, wanafundisha na watakusaidia kupanga bei na vifungashio. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ulisimama 2023 ukarudi 2024, unatolewa kwa kikundi, na nyie mna sura ya kikundi tayari. Ila msikope kabla ya kuwa na oda mkononi, na mkopo ununue ovaloki yenu wenyewe, usinunue stoku ya kitambaa. Mashine ikikwama kulipa bado inafanya kazi. Andikeni kwenye daftari moja nani kashona nini kwa saa ngapi, na kila mama awe na haki ya kulifungua hilo daftari siku yoyote.

Mwezi huu fanya hivi tu: tafuta mama wawili, sio watano, wapime saa kwa nguo moja, alafu nenda kwa kamati moja ya harusi au kwaya moja na sampuli imeshonwa kabisa, wavae, wajionee inavyogeuka. Wakikubali chukua nusu ya hela kabla ya kukata kitambaa, na katika hiyo nusu toa kwanza malipo ya mafundi uyaweke pembeni, kitambaa kinunuliwe na kinachobaki. Kama kinachobaki hakitoshi kitambaa, rudi kwa kamati siku hiyohiyo uongee bei.